Vijana, mashine kuelea si ruhusa ya kuchezea barafu

Huenda umewahi kuona video ya aina hii ukiperuzi simu usiku. Kijana aliyevalia jaketi nene anaendesha kigari cha magurudumu manane juu ya ziwa lililoganda, huko Canada. Barafu inapasuka na kigari kinatumbukia, lakini hakizami. Kinaelea kama mtumbwi, magurudumu yakizunguka majini, kisha kinajikokota na kupanda tena juu ya barafu. Abiria wanapiga vifijo. Nyuma yao kuna keekee ya kutoboa barafu na fimbo fupi za kuvulia samaki. Hapo chini watazamaji wanamwaga sifa: noma sana, nataka moja, na hii hakuna kuzama.

Hakuna kuzama? Hapo ndipo tunapotofautiana. Kigari chenyewe kweli kimeundwa kielee. Aliyekikalia hakuundwa hivyo. Nami nasema waziwazi: mtu anayeingia kwenye barafu kwa sababu tu mashine yake inaelea, bila kupima unene wa barafu hiyo, hana tofauti na anayekimbiza pikipiki bila breki kwa sababu amevaa helmeti.

Utaniuliza, haya ya barafu yananihusu nini mimi niliye Kitale au Kisauni? Yanakuhusu kuliko unavyodhani. Kila mwaka vijana wetu wanafunga mikoba kwenda kusoma na kufanya kazi Ontario, Alberta na Minnesota. Minnesota pekee ina Wakenya wengi kiasi kwamba huenda una binamu huko. Kijana akishamaliza majira yake ya kwanza ya baridi, wenzake wa kazini watamwalika: "Twende ziwani Jumamosi, tukavue." Hatakuwa na babu wa kumwambia barafu ya Machi si sawa na ya Januari. Atakuwa na video za simu tu. Kwa hivyo wacha tuongee sasa, kabla ya mwaliko huo kufika.

Kwanza tuelewane kuhusu uvuvi wenyewe, maana ni jambo la kupendeza na sitaki udhani naupiga vita. Ukikumbuka Fizikia ya sekondari, maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi na kupanda juu, ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu, si chini. Chini ya kifuniko hicho cha barafu samaki wanaendelea na maisha yao. Mvuvi hutoboa tundu lenye upana wa sahani hivi, akashusha mshipi na chambo, akaketi juu ya ndoo au ndani ya kibanda chenye jiko dogo, akasubiri.

Anayesubiriwa mara nyingi ni trauti wa ziwani au waitifishi. Trauti si mgeni kabisa kwetu. Waulize watu wa Nyeri. Jamaa zake, trauti wa kahawia, waliletwa nchini mwaka wa 1905 wakatiwa katika Mto Gura kwenye safu za Aberdare, na hadi leo trauti wanafugwa huko nyanda za juu. Huyu wa maziwa ya Canada ni binamu yao mkubwa anayependa maji baridi ya kina kirefu. Wakati wa joto hujificha chini kabisa, lakini ziwa likiganda maji yote huwa baridi, naye huzurura juu na chini akiwinda. Waitifishi ni samaki mwenye rangi ya fedha na mdomo mdogo, anayekula karibu na sakafu ya ziwa. Huuma chambo polepole sana kiasi kwamba usipokuwa makini hutajua amekuja na kwenda zake. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na wengi huipenda ikiwa imekaushwa kwa moshi.

Ziwa Simcoe, mwendo wa saa moja hivi kaskazini ya Toronto, linasifika sana kwa uvuvi huu wa samaki hao wawili. Ziwa hilo lina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 700. Likiganda vizuri, vibanda hujaa juu yake kama kijiji kilichoota usiku mmoja. Kila kibanda lazima kiwe na nambari ya usajili, na kuna tarehe ambayo lazima kiwe kimeondolewa kabla barafu haijaoza.

Sasa tuje kwenye mashine. Vigari hivi vinavyotembea nchi kavu na majini vilianza kuundwa Canada miaka ya 1960, na jina linalojulikana zaidi ni Argo, ambalo limekuwa sokoni tangu 1967. Bodi yake imefungwa kama beseni. Ina magurudumu sita au manane yenye matairi mapana na laini, na haina usukani unaogeuza matairi ya mbele kama gari la kawaida. Ukitaka kukata kona, upande mmoja hupunguzwa mwendo ili ule mwingine uzunguke kwa kasi, kama tingatinga. Ikiwa majini, michoro ya matairi ndiyo hupiga maji na kuisukuma. Kwenye theluji nzito unaweza kuivisha minyororo mipana ya mpira.

Sina shida na chombo hiki. Mvuvi anayebeba kibanda, jiko, keekee, mafuta na wazee wawili wasioweza kutembea kilomita tatu kwenye theluji ana sababu nzuri ya kuwa nacho. Na ukinilazimisha kuchagua kati ya kupasukiwa na barafu nikiwa juu ya pikipiki ya theluji, ambayo huzama kama jiwe, na kupasukiwa nikiwa ndani ya kigari kinachoelea, sitafikiria mara mbili. Wanaokitetea wana hoja hapo.

Ila hoja hiyo ina mwisho wake.

Kuelea ni jambo moja, kutoka majini ni jambo lingine kabisa. Kigari kikiwa ndani ya tundu la barafu kinatakiwa kupanda ukingo wenye utelezi. Ukingo huo ni ule ule ulioshindwa kukibeba dakika moja iliyopita. Kila kikijaribu kupanda, kipande kingine kinavunjika. Kwenye video unaona kimepanda kwa mara moja. Huoni mara zile kimehangaika hadi mtu akalazimika kuvuta kamba ya winchi, na winchi inahitaji kitu cha kujishikia. Katikati ya ziwa hakuna mti.

Halafu kuna uzito. Kigari cha magurudumu manane, watu wanne na vifaa vyao, kinaweza kukaribia tani moja. Baadhi ya vigari vya aina hiyo vinaruhusiwa kubeba watu sita nchi kavu, lakini majini ni wanne tu. Ukiingia ziwani mkiwa sita kwa kuamini kwamba "hatutapasukiwa", basi mmeshaitupa ile faida mliyoinunua. Kuna pia vile vizibo vidogo vilivyo chini ya bodi, vya kutoa maji wakati wa kuosha. Ukisahau kimoja, beseni lako ni chujio. Na majini kigari hicho huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kukiwa na upepo na mawimbi, hiyo si kasi ya kumtoa mtu kwenye hatari.

Lakini tatizo kubwa ni mwili wako. Mashine ikiinama, ukarushwa nje, au ukateremka "kusukuma kidogo" na barafu ikakuachia, uko kwenye maji yanayokaribia nyuzi sifuri. Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, hufundisha hesabu rahisi: 1, 10, 1. Una dakika 1 ya kutuliza pumzi, kwa sababu baridi hukufanya uhemehe bila kujizuia, na ukihema kichwa kikiwa chini umekwisha. Una dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Kisha una karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya baridi. Hesabu hiyo inatia moyo kwa upande mmoja, maana watu wengi hudhani wana sekunde tu, wakapaparika na kumaliza nguvu. Kwa upande mwingine inakuambia kwamba baada ya dakika 10 vidole vyako havitaweza kushika kamba, hata kama kigari chako kizuri kinaelea mita tatu kando yako.

Usidhani hii ni hofu ya mtu aliyekulia kwenye jua. Wenyeji wenyewe hunaswa. Februari 2009, wavuvi zaidi ya 130 walibaki wakielea juu ya kipande kikubwa cha barafu kilichokatika kwenye Ziwa Erie, upande wa Ohio, Marekani. Asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na ufa, na baadhi yao waliuwekea daraja la mbao ili wavuke kufuata samaki. Upepo ukasukuma, ufa ukawa mto. Helikopta na boti za feni ziliwatoa, lakini mtu mmoja alikufa. Mwishoni mwa Desemba 2023, watu zaidi ya 100 waliokolewa vivyo hivyo kwenye Ziwa Upper Red, Minnesota, na majira hayo ya baridi yalikuja kuwa yenye joto zaidi kuwahi kurekodiwa katika jimbo hilo.

Fikiria daraja lile la mbao. Halikuifanya barafu kuwa nene. Liliwawezesha tu watu kufika mahali ambapo ufa wenyewe ulikuwa umewaambia wasifike. Kigari kinachoelea, mikononi mwa mtu asiyepima, hufanya kazi ile ile.

Na barafu yenyewe inazidi kuwa kigeugeu. Mwaka wa 2020, watafiti walioongozwa na Sapna Sharma wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, walichapisha uchunguzi wa vifo zaidi ya 4,000 vya watu waliozama wakati wa baridi katika nchi 10. Waligundua kwamba vifo huongezeka sana majira ya baridi yanapokuwa na joto linalokaribia nyuzi sifuri. Maana yake ni kwamba mazoea ya "kila mwaka tarehe kama hii tunaingia" hayafai tena. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Siku hizi hata maji uliyoyafika mwaka jana huyajui.

Sisi tusicheke. Desemba 2021 basi lililobeba watu wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, Kitui, likijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na mafuriko. Zaidi ya watu 30 walikufa. Basi ni kitu kikubwa na kizito, na kwa macho linaonekana haliwezi kuchukuliwa na maji yanayofika kwenye magurudumu tu. Kila msimu wa mvua bado tunaona madereva wakijaribu, eti gari langu liko juu. Ni imani ile ile kwamba chuma kinajua kuliko mto.

Kuna jambo jingine ambalo wenye video hawaligusi. Mashine hizi hufika kwenye maziwa madogo ya porini ambayo zamani yalilindwa na umbali wake tu. Ontario ina maziwa zaidi ya 2,000 yenye trauti wa ziwani. Mengi ni ya maji baridi yenye chakula kichache, hivyo samaki hukua polepole. Trauti huyo anaweza kuchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na wengine huishi zaidi ya miaka 20. Samaki unayempiga naye picha anaweza kuwa na umri wako. Vijana wanne wenye kigari kinachopita kwenye matope, vijito na barafu mbovu wanaweza kulirudia ziwa kama hilo kila wikendi na kulimaliza kwa misimu michache, kisha wakahamia lingine.

Ziwa Simcoe linatupa funzo hapo. Mbolea na maji machafu kutoka mashambani na mijini yalipunguza hewa kwenye maji ya chini, trauti wakashindwa kuzaliana vizuri. Tangu miaka ya 1960 serikali ya Ontario imekuwa ikimwaga vifaranga vya trauti ziwani humo ili wasitoweke. Mtu wa Kisumu au Naivasha haitaji kuelezewa zaidi jinsi ziwa linavyoweza kuchoka. Kwa hivyo leseni na idadi ya samaki unaoruhusiwa kwa siku si usumbufu wa wazungu. Soma masharti ya ziwa unalokwenda, maana hutofautiana, na ukifikisha idadi yako kunja mshipi urudi nyumbani.

Basi ukialikwa, ufanyeje? Nenda. Ila kabla ya kuulizia bei ya kigari, ambacho kikiwa kipya kitakugharimu zaidi ya Sh1 milioni, nunua mtaimbo. Ndiyo, mtaimbo, fimbo ya chuma yenye ncha kali, ya shilingi elfu chache. Wavuvi wazoefu hutembea wakiupiga mbele yao kila hatua. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, unarudi kwa nyayo zako zile zile.

Kisha toboa upime. Mwongozo wa Minnesota ni inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea, karibu upana wa kiganja chako. Pikipiki ya theluji au kigari kidogo kinahitaji inchi 5 hadi 7, na vigari vizito zaidi ya hapo. Barafu nyeupe kama maziwa ni dhaifu, hivyo zidisha unene huo mara mbili. Usipime mara moja pale ufukweni ukaridhika. Karibu na mdomo wa mto, penye chemchemi, kwenye mkondo kati ya visiwa, au chini ya theluji nzito ambayo hulifunika ziwa kama blanketi, unene hubadilika ndani ya hatua chache. Mamlaka zenyewe hukuambia hakuna barafu iliyo salama asilimia 100.

Vaa jaketi la kuelea, hata ukiwa ndani ya kigari. Ning'iniza shingoni vile vyuma viwili vyenye ncha na vishikio vya mbao. Ukitumbukia, tuliza pumzi kwanza, geukia ulikotoka kwa sababu huko barafu ilikubeba, kita vyuma hivyo, piga miguu kama unayeogelea, jivute ukiwa umelala kifudifudi. Ukishatoka usisimame. Bingirika hadi mbali na tundu. Usiende peke yako, na mtu aliyebaki nyumbani ajue uko ziwa gani na unarudi saa ngapi.

Najua haya hayapendezi kwenye kamera. Hakuna anayepata wafuasi kwa kurekodi mtu akipiga barafu kwa mtaimbo, akatikisa kichwa, akarudi garini bila samaki. Lakini mwenzako huyo anayesema "leo haifai, twende tukanywe chai" ndiye wa kushikamana naye huko majuu. Anayekuambia "ingia tu, hii inaelea" hajawaza jinsi zima-moto wa kijiji kile watakavyolazimika kutambaa juu ya barafu ile ile mbovu kukutafuta, wala nani atakayempigia mamako simu usiku, wala michango ya kusafirisha mwili ambayo sote tunajua inavyokusanywa kwenye vikundi vya WhatsApp.

Ukiwa na kigari, kitumie. Kikubebee mizigo, kikuvushe penye theluji nzito, kikuelee siku ambayo kipimo chako kimekosea licha ya kupima. Lakini uamuzi wa kuingia ziwani ufanye ukiwa umesimama ufukweni kwa miguu yako miwili, mtaimbo mkononi, kama vile unachoendesha hakijui kuelea hata kidogo. Trauti atakuwepo wiki ijayo.